Mheshimiwa Amekojoa Tena

Jumatatu, 4 Machi

Kwako mume wangu (niache niandike tena: mume wangu),

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu nyingi kama mchanga. Nilikuwa napata nane juu ya kumi kwa kumsalimia mtu ambaye hayupo. Sasa yupo! Yuko safari ya siku mbili kutoka hapa, kwenye kambi isiyo na mtandao, anachomelea mabomba juani, na barua zake zinabebwa na dereva wa lori la mafuta. Basi pokea mchanga wote, na usimwonyeshe mtu karatasi hii, kwa sababu nimeibusu hapa pembeni na rangi ya mdomo imebaki.

Zawadi yako ya harusi imefika. Shemeji mdogo alimleta Jumamosi mchana, amemfunga kamba ya katani, jasho linamchuruzika. "Shemeji, pokea mnyama wako," akasema. "Mimi nina gauni la bi harusi kwenye cherehani, na huyu amenigeuza punda wa mkokoteni." Anasema alimchukua pale yadi ya vyuma chakavu ulikokuwa ukifanya kazi. Wewe uliniambia ni mbwa wa bibi kizee aliyehama. Nikamwambia labda bibi kizee naye anauza vyuma. Tukacheka mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuangalia.

Ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Ana rangi ya kahawia, sikio moja limebaki nusu, na mgongoni ana mistari isiyoota manyoya, kama ukurasa wa daftari. Nimempa jina la Mheshimiwa, maana anakaa katikati ya sebule, anasikiliza kila mtu, hamjibu yeyote, kisha anakojoa.

Anakojoa, mpenzi! Ameanza na kandambili zako. Akafuata upande wako wa kitanda. Usiku huwa nalala na shati lako la kazi chini ya mto (usicheke), na jana asubuhi nimekuta amelivuta mpaka chini, amelilowesha chapachapa. Nikimtoa nje anasimama tu ananitazama. Akirudi ndani, anamwaga. Mbishi huyo! Lakini sikumgombeza. Nafikiri anakupenda kama mimi ninavyokupenda, ila yeye hajui kuandika.

Niambie nifanye nini. Na uniambie kama mikono yako inapona. Nachukia hizo cheche zinazokuachia makovu.

Mkeo (naliandika hili kwa wino mwekundu),
Bi Mchanga

---

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu juu ya bomba, mpaka fundi mkuu akauliza kama ni ramani.

Usimwite mbishi. Nakuomba.

Mtoe akiamka, mtoe akimaliza kula, na kila baada ya saa mbili. Mpeleke mahali palepale, ukutani nyuma ya bafu. Simama kimya. Usimvute. Akikojoa nje, mpe kipande cha nyama hapohapo, kabla hajageuka. Akikojoa ndani, futa. Usiseme kitu, usimkazie macho. Futa kwa siki ili harufu iishe.

Usinyanyue kitu kirefu mbele yake, hata mwiko wa ugali, hata ufagio. Kama unafagia, mtoe kwanza. Usimpige hata kofi moja. Mtu akitaka kumpiga, kaa katikati.

Itachukua muda mrefu. Mvumilie. Mimi sikuwahi kumvumilia mnyama, ndiyo maana nimempeleka kwako.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Nimeliandika, kisha nimelifuta. Haidhuru.

Huku jioni kuna baridi ya kutoboa mifupa. Makovu hayaumi.

Mumeo

---

Jumapili, 24 Machi

Mume wangu mpole kuliko waume wote,

Nimewasomea barua yako wake wawili wa nyumba ya jirani, wakaona wivu. "Hata mwiko!" mmoja akasema. "Wangu mimi mwiko ndio anaoninyanyulia." Nani angejua nimeolewa na mtu anayemwonea mbwa huruma namna hii?

Na huo mstari uliofuta! Ulisugua wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nimeuweka kwenye kioo cha dirisha, jua likapita, nikaona "usi" peke yake. Najua ulichoandika. Ulitaka kuandika "usinisahau", ukaona haya. Mimi nikusahau wewe?

Ninafanya kila ulichosema. Nimekuwa saa ya ukutani: kila saa mbili tunatoka. Ninasimama nyuma ya bafu na nyama kiganjani, nzi wananishangilia. Hata kabla barua yako haijafika, kuna siku tatu nzima sakafu ilikaa kavu kabisa; alijificha uani kukojoa. Zilikuwa siku nilizofua vitu vyako vyote na kuvianika. Siku ya nne barua yako ikaletwa, nikaiweka kwenye kiti, Mheshimiwa akainusa, mkia ukaingia katikati ya miguu, akakojoa hapohapo akitetemeka kama ana homa. Anakukumbuka, maskini.

Ila mama mwenye nyumba amechoka. Alhamisi aliingia na fimbo ya kuanulia nguo. "Mchape mpaka ajue kwao! Sakafu yangu si choo." Mbwa alipoiona ile fimbo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Nikasimama katikati, kama ulivyosema. Mama akanitazama, akaitazama fimbo, akasema: mpaka mwisho wa mwezi. Sakafu isipokauka, fundi baiskeli wa pale kona atakuja na bomba lake na kumaliza kazi.

Nina siku saba. Nisali, nisisali?

Nimempa shemeji lile koti lako la zamani la yadini, lililobaki sandukuni, atie bitana mpya, ulivae kwenye hiyo baridi. Ataleta Jumapili. Linanuka grisi na wewe. Nililikumbatia mlangoni kabla hajaondoka nalo, akasema, "Shemeji, acha, utavunja vifungo."

Wako asiyesahau,
Bi Mchanga

---

Jumanne, 2 Aprili

Mume wangu,

Shemeji yuko hospitali. Naandika kwenye benchi la wadi, usitafute busu pembeni.

Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu. Ilikuwa siku ya mwisho aliyotupa mama mwenye nyumba. Nilimtoa Mheshimiwa, nikasimama ukutani kama kawaida. Akanusa, akazunguka, na mpenzi, akanyanyua mguu. Nje, mbele ya macho yangu! Kwa mara ya kwanza! Nilifurahi kama mama aliyemwona mtoto anapiga hatua, nikafanya ambalo mama yeyote angefanya. Nilipiga makofi. Matatu.

Wakati huohuo shemeji anaingia getini, amelivaa koti lako kwa ajili ya mvua. "Koti tayari, mkaguzi njoo ukague!"

Mbwa hakubweka. Angenguruma tu ningejua. Alipita karibu na goti langu kama kitu kilichorushwa, akamshika mkono wa kulia chini ya kiwiko, akautikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilisikia mfupa. Shemeji akampiga kwa mwavuli, kichwani, machoni, mwavuli ukavunjika. Kadiri alivyompiga ndivyo meno yalivyozidi kuzama. "Shemeji, mtoe! Mkono wa kazi huo! Mkono wa kazi!" Nilivuta mkia, nikavuta shingo, nikammwagia ndoo ya maji. Wapi. Damu ilikuwa kwenye gauni langu, kwenye ukuta, kwenye bitana mpya.

Kisha shemeji akateleza kwenye matope, akaanguka kifudifudi, akaishiwa nguvu na kulala kimya. Na mbwa akamwachia. Saa ileile. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kitako, akakojoa alipokaa.

Fundi baiskeli akaja na bomba. Mama mwenye nyumba akaja na sufuria ya maji yanayochemka. Bomba la kwanza lilimpata mbwa mbavuni, hakukimbia, hakujitetea, alifumba macho tu. La pili lilinipata mimi begani, kwa sababu nilikuwa nimeshamlalia. Sijui kwa nini nilimlalia. Nilikuwa na damu ya ndugu yako mikononi, na bado nikamlalia.

Yuko stoo, amefungwa mnyororo. Daktari wa mifugo amesema achunguzwe siku kumi kama ana kichaa. Mimi najua hana. Nilimwona alivyokaa. Alikaa kama mtu aliyemaliza kazi.

Ni kazi gani hiyo, mume wangu? Na ulifuta nini?

Mkeo

---

Jumanne, 9 Aprili

Mke wangu,

Nilifuta hivi: usipige makofi mbele yake.

Hakuna bibi kizee. Makovu yangu hayakutoka kwenye cheche. Pale yadini nilikata vyuma asubuhi, na mchana kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuwa mwizi wa kufundishia mbwa wa ulinzi. Walinivika magunia matatu na mpira wa tairi mikononi, na juu yake lile koti. Naingia mlangoni. Mnyapara anapiga makofi matatu, anamfungulia mbwa, mbwa ananikamata. Mimi nampiga kwa bomba, mgongoni, ili ajifunze kutoachia hata akiumia. Akiachia mapema, nampiga zaidi. Mchezo unaisha mwizi akilala chini na kutulia. Hapo ndipo alipopaswa kuachia.

Alipokuwa mdogo alikuwa akijikojolea akiniona tu mlangoni, kabla sijamgusa. Mnyapara alicheka akasema, mwongeze mpaka aache. Nikamwongeza. Hakuacha. Kwa hiyo unapoandika kwamba ananikumbuka, mke wangu, ni kweli. Si ubishi. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Yadi ilipouzwa mnyapara aliniambia niwamalize mbwa wote watatu kwa lile bomba. Nilimmaliza wa kwanza. Nilimmaliza wa pili. Huyu alijipeleka mwenyewe ukutani, akafumba macho, akaningoja. Nikatupa bomba. Wiki iliyofuata nilikuoa. Sikuweza kuwa naye chumba kimoja, ndiyo maana nilimwomba mdogo wangu amlete nikiwa nimeshaondoka.

Ningekuambia kuhusu makofi, ungeniuliza nimejuaje. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Niliogopa usingeniita tena mpole. Kwa neno hilo moja mdogo wangu huenda amepoteza mkono wa kazi.

Mpigeni risasi kama mnataka. Au mniache mimi. Sijui nisemeje.

Mumeo, kama bado

---

Jumamosi, 20 Aprili

Wewe,

Barua yako niliichana vipande vinne. Kisha nikavibandika kwa gundi ili niichane tena.

Siku nne sikuweza kulitazama lile shati. Niliwaza mikono yako. Nilikuwa nimeyabusu yale makovu, moja moja, nikidhani nabusu kazi ya halali. Siku ya tano nilichukua ufagio, nikaenda stoo, nikaunyanyua juu ya kichwa chake, nione ulichokuwa ukikiona wewe kwa miaka miwili. Akafumba macho. Nikaushusha, nikakaa chini mlangoni na kulia mpaka akaja na mnyororo wake wote kunilamba goti. Sijakusamehe hilo. Nitakuambia nikikusamehe.

Shemeji ametoka. Vidole viwili havifungi. Anajifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto na ameshamgeuzia mtu suruali kuwa kaptula. Nilimsomea barua yako. Akasema: "Mwambie kaka sina ugomvi na mbwa." Hiyo ni yako, uibebe.

Mama mwenye nyumba, tangu aone bega langu lilivyovimba, hanitazami usoni. Ametupa muda mpaka mwisho wa Mei. Sakafu iwe kavu, mdomo uwe na kizuizi akitoka, la sivyo bomba.

Sasa sikiliza, na zamu hii mimi ndiye ninayetoa maagizo.

Nimekata kipande cha shati lako, kidogo kama stempu. Nakiweka kona ya mbali, nyama nampa huku. Kila siku nakisogeza karibu, urefu wa tofali moja. Kikimfanya akojoe, nafuta kwa siki, sisemi, narudisha nyuma matofali mawili. Juzi tumefikia kipande cha ukubwa wa kiganja. Sipigi makofi. Nimeacha hata kualisha vidole vyangu, visije vikalia.

Likizo yako ni mwanzo wa Mei. Njoo. Lakini usiingie. Kaa chini nje ya geti, mgongo kwetu, mikono mapajani. Usivae mikono mirefu. Usisimame, usigeuke, usije kwangu, hata nikicheka, hata nikikuita kwa kusahau. Ukishindwa kukaa chini kwa ajili yake, usirudi kulala kwangu.

Mkeo, bado

---

Jumanne, 14 Mei

Mke wangu,

Nisamehe mwandiko, naandika kwa kushoto. Daktari wa kambi amebadilisha bendeji, anasema nyuzi zimeshika. Aliniuliza ni cheche? Nikasema ni mbwa, na nikasema kwa nini.

Siku ya kwanza na ya pili nilikaa kama ulivyotaka. Matako yalikufa ganzi. Watoto wa shule walinisalimia, "Shikamoo mzee uliyefukuzwa." Nilisikia kucha zake kwenye sementi nyuma yangu, zinakuja, zinarudi. Nilisikia maji yakimwagika na kitambaa chako kikifuta, na wewe husemi neno.

Siku ya tatu ulicheka barazani. Shemeji wako alikuwa amesema kitu. Nilikuwa sijausikia mcheko huo miezi miwili. Nilisimama, mke wangu. Nikageuka, nikapiga hatua kuingia getini. Nilitaka kukuona tu.

Kizuizi cha mdomo kilikuwa msumarini kwa sababu mbwa hakuwa anatoka nje ya geti. Najua. Si kosa lako. Alifika kabla sijamaliza hatua ya pili, akashika palepale alipozoea, ila safari hii hapakuwa na tairi. Niliona nyama yangu ikifunguka. Karibu na mkono wa kushoto kulikuwa na tofali lako la kupimia, ulilokuwa umeliacha getini. Mkono ulilishika kabla sijaufikiria. Ulikuwa umeshapanda nalo juu ya kichwa chake. Naye, na meno yake ndani yangu, alifumba macho.

Nililiachia. Lilianguka mguuni kwangu, nadhani uliona nikichechemea. Kisha nikalala chini, polepole, kifudifudi, kama yadini. Akaachia. Akakojoa, mkojo ukanifikia mpaka shavuni, wa moto.

Ukaja. Ulimchukua yeye kwanza, ukampeleka nyuma ya bafu, ukasimama naye pale mpaka alipotulia. Kisha ndiyo ukaja kunifunga mkono kwa kanga. Ulifanya vizuri. Nilitaka kukuambia siku zile zote saba zilizobaki, nikiwa nimelala sebuleni na yeye stoo, mlango wazi katikati yetu. Sikuweza kusema, nikatumia kalamu.

Usiku wa mwisho aliweka kidevu kwenye kizingiti. Hatua nne kutoka mguu wangu. Hakukojoa mpaka asubuhi.

Mumeo

---

Alhamisi, 30 Mei

Mume wangu,

(Nimelirudisha, unaona.)

Kesho ndiyo mwisho wa mwezi. Mama mwenye nyumba alikuja leo mchana kukagua mapema, miguu mitupu makusudi, akapita kila kona ya sakafu kama anayetafuta pini. Fundi baiskeli alisimama getini na bomba lake, anajifanya ana shughuli. Shemeji alikuwa barazani, anashona kwa mkono wa kushoto, akawaambia, "Vueni viatu, hii ni nyumba ya mheshimiwa."

Nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi, kwa sababu barua yako ilikuwa imefika. Bahasha imeshikwa na wewe kila mahali, na kwenye karatasi ya pili kuna tone la damu, au ni kutu, sijui. Ningeweza kuificha kwenye sanduku. Nilishaufungua mfuniko.

Sikuificha. Nimechoka na vitu vinavyofutwa. Niliifungua mbele yao wote, nikailaza sakafuni, wazi, katikati ya sebule.

Mheshimiwa alitoka stoo. Akaja mpaka kwenye karatasi, akainusa mstari kwa mstari kama anayesoma. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Mama mwenye nyumba akavuta pumzi. Nikasikia bomba likigusa geti. Mkia uliingia chini, na mimi nikajua basi, nikaanza kuhesabu hatua kutoka nilipo mpaka kwake, nimlalie tena.

Akageuka. Alienda mlangoni, akakwaruza ubao mara moja. Nilimvika kile kizuizi, shemeji akanishikia kamba kwa vidole vyake vinavyofunga. Tulimfungulia. Akaenda mwenyewe mpaka ukutani nyuma ya bafu, akapita karibu kabisa na fundi baiskeli na bomba lake, akanyanyua mguu, akakojoa muda mrefu, mrefu, kama mtu aliyekuwa ameubana mkojo miaka miwili.

Kisha akarudi ndani, akajizungusha, akalala juu ya barua yako. Bado yuko hapo. Ndiyo maana sijaisoma karatasi ya pili.

Mama mwenye nyumba alisema, "Haya," akavaa kandambili zake. Shemeji alinitazama. Moyo wangu ulikuwa unapasuka kwa furaha, mume wangu, na viganja vilikuwa vinawasha.

Sikupiga makofi.

Wako,
Bi Mchanga